Fundi, Si wa Kufungua Geti

Siku mliyoniaga nikistaafu, mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza mdomo ukiwa umejaa mandazi: "Madam, kwani zamani mlikuwa mnawatafutia watu kazi vipi, na hata simu hamkuwa nazo?" Nikamjibu: kwa mdomo na kwa miguu. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa maana nimemaliza viatu vingi katika kazi hii, na mdomo wangu mnaujua. Basi kwa kuwa sasa nina muda, na kuku wangu hawahitaji kusimamiwa sana, nimeona niwaandikie. Vyeo sitaviandika, vilikuja kwa kuchelewa na havikumfundisha mtu kushona kifungo. Mshahara ndio kabisa, tuuache ulale.

Niliajiriwa kama mwalimu wa cherehani, msichana mwenye viatu vya kisigino na cheti kipya. Karakana yetu ilikuwa mabanda ya mabati nje kidogo ya mji wa Kakamega, ambapo watu wazima wenye ulemavu walifundishwa kushona nguo, kutengeneza viatu, useremala na kuchomelea vyuma. Msimamizi wake alikuwa Mzee Alfayo, seremala aliyeugua polio utotoni na kutembea kwa vyuma vya miguu vilivyolia kwenye saruji kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Nilitegemea anikaribishe chai. Badala yake alichukua kipande cha kitambaa cha marekani, akanifunga mkono wa kulia mgongoni, akaniwekea sindano na uzi mezani.

"Tunga," akasema.

Nilitunga wapi! Sindano ilinikimbia meza nzima. Wanafunzi wakanitazama kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na nikaapa moyoni kwamba kesho sirudi. Ndipo mwanamke mmoja aliyetembea kwa magongo, Nanjala wa kule Matete, akanisogezea kipande cha sabuni ya kufulia. Nikachomeka sindano kwenye sabuni, ikasimama imara, nikatunga uzi kwa mkono mmoja. Mzee Alfayo akanifungua. "Sasa unaweza kufundisha," akasema. "Chai iko jikoni."

Kila mwalimu mpya alipitia hapo. Wa useremala alifungwa kitambaa machoni na kupewa randa. Wengine waliondoka siku hiyo hiyo, na Mzee aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa na msemo wake: mpe mtu nyundo kwanza, huruma baadaye kama itabaki. Mimi haikubaki, namshukuru Mungu.

Hiyo ilikuwa miaka sukari ilipopamba moto. Ninyi mmekuta magofu na malalamiko. Sisi tulikuta watu wakicheza. Mtu aliyekuwa na shamba la mahindi na njaa kila Juni aling'oa mahindi, akapanda miwa, akaezeka mabati na kununua redio ya kusikika hadi kwa jirani ambaye hakuiomba. Barabara zote za kuelekea kiwanda cha Mumias zilijaa matrekta yakivuta trela za miwa, na miwa ikidondoka njiani. Kila mwenye trekta alikuwa tajiri, na kila tajiri alikuwa na haraka. Na haraka ya miwa, jamani, ilikuwa inakata watu. Hospitalini walijua msimu wa kuvuna umeanza kwa kutazama tu nani analetwa.

Hivyo ndivyo tulivyompata Makokha. Alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini kutoka Musanda, utingo wa trekta la mkandarasi mmoja wa kubeba miwa, Bwana Wanzala. Kazi yake ilikuwa kuunganisha trela: dereva anarudi nyuma, utingo anashikilia chuma cha kuvutia, anapachika pini. Siku moja dereva alirudi nyuma kabla hajaambiwa. Mkono wa kulia wa Makokha ukabaki kati ya trekta na trela. Madaktari waliukata chini ya kiwiko.

Alipoletwa kwetu hakusema neno wiki nzima. Mkewe, Nafula, ndiye aliyesema. Alituambia jinsi shemeji zake walivyokaa kikao wakaamua kwamba Makokha atawekwa sokoni na kopo, maana sokoni watu wana pesa za miwa na huruma haijaisha. "Mimi sikuolewa na kopo," Nafula akasema. "Mkimfundisha sawa. Mkishindwa mniambie mapema, nijue." Nilimpenda mwanamke yule hapo hapo.

Makokha akachagua kuchomelea vyuma. Watu walimwambia achague viatu, akae chini, apumzike. Akatikisa kichwa. Sasa, kuchomelea siku hizo kulitaka mikono miwili hata kabla hujaanza: mmoja umeshika rodi inayowaka, mwingine umeshika ngao ya kukinga macho. Mzee Alfayo aliikata ile ngao mpini wake, akaishona kwenye ukanda wa tyubu ya baiskeli, Makokha akaivaa kichwani kama kofia. Anatikisa kichwa, inashuka. Anarudisha nyuma, inapanda. Vyuma vyake alivibana kwa klampu na kwa goti. Hata mwezi haujaisha, mshono wake wa kuchomelea ukaanza kulala sawasawa.

Tatizo halikuwa chuma. Tatizo lilikuwa mkono uliobaki.

Ninyi mmezaliwa humu, mnajua. Kwetu mtu hamsalimii mwenzake kwa mkono wa kushoto, wala hampi kitu. Mkono huo una kazi zake na hazitajwi mezani. Makokha alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza. Mtu akimwomba nyundo, aliiweka chini sakafuni, akageuka, wewe uinue. Akipewa mkono, aliinamisha kichwa tu. Chakula alikula akiwa amewapa wenzake mgongo. Na kazi ya vyuma ni ya watu wawili: mmoja yuko chini, mmoja yuko juu, vifaa vinapita mkononi haraka chuma kikiwa bado chekundu. Mwenzako akiweka nyundo chini kila mara, chuma kinapoa, na wewe unapandwa na moto badala yake.

Nilimkaripia. "Makokha, hapa ni karakana, si kwa wakwe!"

"Mwalimu," akajibu polepole, "mkono uliokuwa wa heshima ulienda. Huu nitampa nani?"

Nikainama, nikaokota nyundo aliyoiweka sakafuni.

Mzee Alfayo alisikia. Kesho yake asubuhi, tulipokusanyika uani kwa sala, alimwendea Makokha kwa vile vyuma vyake, ngo, ngo, ngo, akamnyooshea mkono wa kushoto. "Mulembe, Makokha." Makokha akautazama ule mkono weee, kisha akaupokea. Mzee akatugeukia. "Kuanzia leo, ndani ya ua huu, tunasalimiana hivi. Wote. Anayeona aibu aende akaonee kwao."

Basi ikawa desturi yetu. Mwalimu, mwanafunzi, mpishi, kila mtu kushoto. Mchungaji mmoja aliyekuja kutuombea alinyooshewa mikono ya kushoto mlangoni hadi jikoni, na nadhani alituombea kwa bidii kuliko alivyokusudia. Lakini desturi nayo ina miguu, hutoka na mtu getini. Nanjala alienda nyumbani Matete mwisho wa mwezi, akamkuta shangazi ya mumewe amefika, na kwa mazoea akampa mkono wa kushoto. Yule mama aligoma kula obusuma, ugali wetu, katika nyumba hiyo mpaka aletewe ingokho ya kumtuliza, jogoo, si tetea. Nanjala aliporudi alitaka karakana ilipe yule jogoo. Hatukulipa. Tulicheka mpaka mpishi akaunguza uji.

Makokha alicheka pia, na tangu siku hiyo vifaa vilipita mkononi.

Kufikia hapo Mzee alikuwa amenitoa kwenye cherehani na kunituma nitafute kazi kwa waliohitimu. Sikilizeni hapa vizuri, kwa maana ndiyo sehemu ya kazi ambayo haijabadilika. Mwajiri anayekufukuza si mbaya sana. Unajua umesimama wapi. Mbaya ni yule anayekubali haraka. Anakubali, anamweka mtu wako kwenye kiti mlangoni, anamwambia akae, mwisho wa mwezi anampa kitu na kupigwa picha. Wanaume wazima niliwakuta wamekaa hivyo, ufundi wote mkononi, wakisinzia. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nimechoka kupumzika."

Kwa Bwana Wanzala nilienda kwa makusudi. Yadi yake ilikuwa hapo Musanda, trela zake zilivunjika kila siku, na mkono wa mtu wetu ulibaki kwake. Mwenyewe hakuwa mkaidi. Alisikitika sana, akasema, "Huyo kijana tutamsaidia, madam. Tutampa kazi ya kufungua geti."

"Sikumfundisha kufungua geti," nikamwambia. "Geti linafunguliwanga hata na upepo. Trela zako zinachomelewa na upepo?"

Akanitazama kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Akasema mambo ya yadi yanaamuliwa na msimamizi wake, Mzee Weche. Kama Weche atamkubali kwa jaribio la siku moja, yeye hana neno. Weche asipomkubali, ni geti au basi. Nikakubali. Nilipomweleza Makokha, aliniuliza kitu kimoja tu: "Ni trela zile zile?" Nikamwambia ndiyo. Usiku huo, mpishi alisema, hakugusa chakula.

Tulienda kwa Landrova ya karakana, Makokha, Mzee Alfayo na mimi. Nafula alikuwa amekuja kwa miguu akasimama nje ya uzio wa yadi, mtoto mgongoni. Hakutaka kuingia. Mzee Weche alitupokea katikati ya uwanja: mzee mrefu, mkavu, ovaroli imepigwa pasi, mtu wa heshima zake. Na Mzee Alfayo wetu, aliyekuwa amesalimiana kushoto kila asubuhi kwa miezi, akashuka garini, akakaza vyuma vyake, akatabasamu na kumnyooshea mkono wa kushoto.

Mungu wangu. Niliuona ukienda na sikuweza kuuzuia.

Weche akautazama. Akautazama na ule wa kulia, mzima, umeshika fimbo. "Mzee," akasema, "mkono mzuri unao, na wewe unanipatia huu. Mbele ya vijana wangu. Nilikukosea nini?"

Mzee Alfayo akashtuka, akabadilisha haraka, fimbo ikaanguka, akaanza kueleza. Lakini maji yalikuwa yamemwagika. "Hapana," Weche akasema. "Rudini na fundi wenu. Kama mwalimu ni hivi, mwanafunzi ataitoa wapi adabu?" Akageuka aende zake. Mafundi wa yadi wakaanza kunong'ona. Nikamwona Nafula nje ya uzio akishika waya kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa tayari kufungua mdomo, na ningefungua tungefukuzwa na Landrova ikabaki. Ni Makokha aliyetangulia.

"Mulembe, Mzee Weche," akasema. Hakunyoosha mkono. "Hiyo salamu ni yangu. Hawa walikubali kusalimia kama mimi ili nisikae peke yangu. Mzee amezoea tu. Mkono wangu wa kulia ulibaki hapa kwenu, nyuma ya trekta lile jekundu. Kama ni kunifukuza, nifukuze kwa kazi. Usinifukuze kwa mkono."

Weche alisimama. Akalitazama lile trekta jekundu. Alikuwepo siku ile. Baadaye tulijua ndiye aliyeufunga ule mkono kwa shati lake. "Kuna trela imepasuka chuma cha kuvutia," akasema mwishowe. "Haya, tuone."

Kwa hiyo jaribio lilikuwa pale pale palipomla mkono. Nilitaka kusema watafute kazi nyingine, Mzee Alfayo akanikanyaga mguu kwa chuma chake, na kile chuma si chepesi. Makokha alipiga goti mbele ya trela. Trekta jirani likawashwa, likarudi nyuma kidogo, na nikaona jasho likimchuruzika shingoni kwenye baridi ile ya asubuhi. Alifumba macho. Nikaomba. Kisha akatikisa kichwa, ngao ikashuka, cheche zikaruka.

Alisafisha ufa, akauchimba, akaujaza kwa tabaka, bila haraka, kama alivyofundishwa. Lakini chuma kilikuwa kizito na upande wa chini ulitaka mtu wa kukiinua kwa jeki. Vijana wa yadi walikuwa wamekunja mikono wakitazama sinema. Mzee Weche akawatukana kidogo, akajilaza mwenyewe kwenye matope, akaingia chini ya trela na ovaroli yake ya pasi. Mtaka cha mvunguni, ndugu zangu, huinama. Tukawa tunasikia sauti yake tu.

"Nimepandisha! Basi. Choma. Ngoja kuna uchafu hapa. Nyundo!"

Makokha akainua ile nyundo ndogo ya kugongea mshono. Akasita. Yadi nzima iliona anasita. Mzee aliyekasirikia salamu saa moja iliyopita alikuwa amelala chini, mkono wake mweusi wa grisi umenyooshwa nje ya trela ukifungua na kufunga vidole.

"Nyundo, wewe! Chuma kinapoa!"

Makokha akampa, kwa kushoto. Vidole vikafunga. Ngo, ngo, ngo, kikasikika chini. "Brashi!" Akampa. "Kitambaa!" Akampa. Wakaendelea hivyo mpaka jua likawa juu, na hakuna aliyekumbuka mkono gani ulikuwa wa nani. Mzee Alfayo alikuwa akitazama kando, akijifanya anakohoa.

Weche hakusifu. Aliagiza trela ijazwe miwa mpaka pomoni na ipitishwe kwenye mtaro wa barabara, kwenda na kurudi. Iliporudi aliinama, akafuta matope kwa kidole gumba, akaukagua ule mshono kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akamwambia Makokha, "Kesho njoo na ngao yako. Zetu ni za mpini, hazitakufaa." Akaenda kunawa.

Nilikimbia hadi kwenye uzio. Visigino sikuwa navyo tena siku hizo. "Wamemchukua!"

"Fundi," Nafula akaniuliza, "au wa kukaa?"

"Fundi, mama! Fundi!"

Akakaa chini kwenye nyasi na mtoto wake mgongoni, akacheka huku machozi yakimtoka. Nikakaa naye. Nililia pia, siwafichi, na hiyo ni mara ya pili tu mnaisikia katika habari hizi.

Si wote walifika hivyo. Wako niliowaweka kazini wakarudi kabla sijafika nyumbani. Yuko fundi viatu mzuri ajabu ambaye pesa za miwa zilimfundisha pombe na hatukuweza kumfundisha kinyume. Nanjala alifungua duka lake la kushona sare za shule na kuajiri wasichana wenye miguu mizima, akawa mkali kwao kunishinda. Mmoja alifanya kazi Iguhu hospitalini, kushona mashuka, mpaka macho yalipochoka. Ninaposema ninajivunia kazi hii, hao wote wamo, hata yule wa pombe.

Ila nimalizie na Makokha. Misimu kadhaa ilipita. Mwalimu wetu wa vyuma alihama, na Mzee Alfayo, aliyekuwa karibu kustaafu, akasema hatafuti mbali: Makokha aje afundishe. Nyumba ipo, shule ya watoto iko karibu, na wanafunzi wataona kwa macho yao. Mimi niliona wazo hilo limetoka mbinguni. Tukaenda Musanda na Landrova ile ile, tumemwachia kiti cha mbele.

Mzee Weche alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kupanda sauti. "Mlikuja hapa mkanililia, mchukue, mchukue! Nikamchukua. Sasa ndiye anayeshika yadi yangu usiku na mchana, vijana wote amewafundisha yeye, halafu mnasema mnataka kumrudisha? Hapana! Nendeni mkafundishe mwingine. Huyu ni wangu!"

"Fadhila ya punda," Mzee Alfayo akasema, "ni mateke."

"Piga methali yoyote unayotaka, mzee. Simtoi."

Nikasema tumuulize mwenyewe. Tulimkuta nyuma ya yadi, ngao kichwani, vijana wawili wenye mikono yao minne wakimshikia chuma na kukaripiwa. Nikamweleza yote, nyumba, shule, heshima ya kuitwa mwalimu. Alisikiliza ngao ikiwa juu, akitutazama kwa upole wa mtu anayetaka kumaliza mazungumzo.

"Mwalimu," akasema, "asante sana. Mzee, asante. Lakini miwa imeshakatwa iko shambani inakauka, na trela tatu ziko chini. Siwezi kutoka." Akatikisa kichwa, ngao ikashuka, na cheche zikatufukuza pale tuliposimama.

Tulirudi Kakamega kiti cha mbele kikiwa kitupu. Nilikuwa nimezunguka wilaya nzima miaka mingi nikiwabembeleza watu wawachukue wanafunzi wetu, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtu aniachilie mmoja, na nikanyimwa. Kufika Shianda, Mzee Alfayo alikuwa akicheka mpaka vyuma vyake vinalia.

"Binti yangu," akasema, akijifuta macho, "leo tumefukuzwa kabisa."